Chuo Kikuu Kuufuata Mzinga

Mwanafunzi wa sekondari huko Usevya, katika Mpimbwe mkoani Katavi, huenda amekulia karibu na mizinga ya nyuki. Lakini kwa miaka mingi, alipotaka kujifunza sayansi katika chuo kikuu, ilimlazimu kuiacha mizinga hiyo na kusafiri mbali. Je, ni lazima elimu ya juu itengane na kazi?

Swali hili si geni. Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza Dar es Salaam mwaka 1961. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaagiza kwamba wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo waombe nafasi ya chuo kikuu. Nia ilikuwa kumwunganisha msomi na kazi. Hata hivyo, waombaji wa kike walipungua, nao wakaondolewa sharti hilo mwaka 1976. Vitivo vya sayansi na uhandisi navyo vilipungukiwa wanafunzi. Kazi iliyotangulia masomo haikuwa lazima ihusiane na somo lenyewe, na hisabati isiyotumiwa husahaulika upesi.

Marekebisho ya sasa yanafuata njia nyingine: chuo ndicho kinachopelekwa mahali kazi ilipo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, sasa kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na miongoni mwa masomo yake ni usimamizi wa rasilimali za nyuki. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, unagharimia majengo ya vyuo na marekebisho ya mitaala.

Hebu tutazame faida yake. Mbochi ya maua ina maji mengi. Nyuki huyapunguza kwa kupepea mabawa yao, kisha huyafunika masega kwa nta. Asali ikirinwa kabla ya kufunikwa, maji yake yakazidi asilimia 20, hamira huweza kuichachua. Mrina asali hulitambua sega lililokomaa kwa macho. Mwanafunzi hulipima kwa chombo. Wakikutana, kila mmoja hujifunza.

Tena, gome likichunwa kulizunguka shina ili kutengeneza mzinga, njia ya kupeleka chakula mizizini hukatika, na mti hufa. Kumbe mti huohuo wa miombo ndio uliowalisha nyuki! Ni mzinga gani wa bei nafuu utakaochukua nafasi ya ule wa gome? Jibu halipatikani maktabani peke yake. Sharti lijaribiwe msituni, msimu hata msimu, pamoja na wafugaji wenyewe.

Lakini majengo peke yake si mageuzi. Kampasi isiyo na maabara, walimu wa kutosha na mlango ulio wazi kwa mfugaji wa nyuki itakuwa darasa la mbali lililohamishiwa karibu.

Walimu wa sekondari wanaweza kuanza leo. Kila mwanafunzi achague kazi moja ya kijijini kwake, aandike mwenye kazi hujuaje kwamba imefanywa vyema, kisha atafute jinsi ya kulipima jambo hilo. Hapo ndipo utafiti huanzia.