Watoto Wetu Pale Makerere

Ndugu wafanyakazi, mwenye mtoto Makerere na asome haya. Chuo hicho cha Kampala kilianza 1922, na kwa miaka mingi mwanafunzi alilala bwenini, akala meza moja na wenzake, serikali ikilipa. Miaka ya 1990 wakaingia kwa wingi wanaojilipia. Vitanda havikutosha, wengi wakapanga vyumba Kikoni na Wandegeya. Huko mtoto wa mfanyakazi hupika peke yake, na siku akikosa kitu hufunga mlango, maana anaona haya. Sisi wazazi twasema mvivu. Sivyo, ni upweke, nao waweza kumrudisha nyumbani kabla ya mtihani.

Hata asiyelala chuoni huandikishwa kwenye bweni fulani, kama Lumumba au Mary Stuart. Basi aende huko kwa michezo na mikutano, ni haki yake. Watatu wakichanga posho na maharage, sufuria moja yatosha. Tukipiga simu tusiulize alama tu, tuulize amekula na nani. Na wanachama wetu wanaofagia na kulinda hosteli hizo, wakiona mlango haujafunguliwa siku mbili, wagonge.