Kaske ya safari si kaske ya kazi

Kolwezi, saa kumi na moja ya asubui. Bus ya Lubumbashi inajaa. Wengine wanatoka poste ya usiku, macho mekundu, wanatafuta tu fasi ya kulala. Lakini motere inanguruma, shofere anapiga muziki, na njia iko karibu kilometa 300. Siku hizi, kati ya wasafiri, utaona kijana mumoja amevaa kaske ya masikio, ile inapunguza makelele. Anafunga macho, amelala. Wewe mwenye kukaa pembeni unajiuliza: iko bei gani? Na mimi niitafute?

Kwa njia, ndiyo. Kwa shimo, hapana. Ni vizuri kuelewa sababu, juu kuna wenye kuivaa hata kazini, chini ya kaske ya kichwa, wakisema: "Hii nayo inakata makelele, njo ile ile." Hapana, si ile ile.

Namna inatumika

Wazo lilimuingia Amar Bose, mwalimu wa Marekani, mu mwaka 1978, akiwa mu ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Mu kaske kuna mikro kidogo yenye kusikiliza makelele ya inje. Kisha mashini inatosha sauti ingine, kinyume cha ile ya kwanza. Tuseme watu wawili wanasukuma mulango mumoja, kila mutu upande wake, kwa nguvu sawa: mulango hautembei. Sauti mbili zinauana, sikio linapumzika.

Lakini inafanya vizuri juu ya sauti nzito yenye kuendelea bila kubadilika: motere ya bus, jenerateri, vantilateri. Sauti yenye kukata kwa rafla, kama nyundo, klakso ao kilio cha mutoto, inapita. Faida kubwa ni hii: ukiwa mu bus bila hii kaske, unapandisha muziki mpaka mwisho ili ushinde motere. Ukiwa nayo, unasikiliza kwa sauti ya chini. Na kwa mwenye kulala muchana mu lupango yenye kujaa watu, inasaidia pia.

Hesabu ya shimo

Makelele inapimwa kwa desibeli. Wanganga wa kazi wanahesabu hivi: desibeli 85, mutu anaweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza 3, saa zinakatika katikati. Kwa 88, saa 4. Kwa 91, saa 2. Kwa 94, saa 1. Kwa 100, dakika 15 tu. Na mashini ya kutoboa majiwe inapita 100.

Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vyenye kupokea sauti. Vikikufa, haviote tena. Hakuna dawa, hakuna operasio ya kuvirudisha.

Njo maana kazini tunavaa vikinga-masikio vya kweli: bushoni ya povu ao kaske kubwa ya kuziba. Hiyo haina batri. Inaziba sikio, na inazuia hata sauti ya kukata. Kwa karto yake wameandika namba ya SNR, yenye kuonyesha inapunguza desibeli ngapi, sababu ilipimwa. Angalia karto ya kaske ya muziki: kwa kawaida hautaona ile namba. Batri ikiisha katikati ya poste, unabakia na nini?

Tena, sikio ni chombo cha kazi. Muchimbaji anagonga dari ya shimo na bare. Jiwe likilia kama kengele, liko nguvu. Likilia kama ngoma, liko wazi nyuma, linaweza kuanguka. Na camion ikirudi nyuma, inapiga bip-bip. Mutu mwenye muziki mu masikio atasikia nini?

Bibi njo anajua wa kwanza

Baba akitoka kazini masikio inalia "ngiiii", ile si uchovu tu. Akisema watoto wanaongea chini-chini, akipandisha televizio mpaka jirani analalamika, akiitwa mara tatu mbele ya kujibu, kiburi hapana. Makelele inaharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba: sauti ya mama na ya watoto. Mama, usikasirike. Mutume kwa munganga wa kampuni aombe kipimo cha masikio, na achunge karatasi ya matokeo nyumbani.

Mbele ya kutosha feza

Kaske ya safari yenye kufaa inapatikana hata chini ya dola 50. Lakini ku soko kuna nyingi zenye kuandikwa "ANC" ambazo hazina kitu ndani. Ipime bila muziki: simama karibu na jenerateri, vaa, bonyeza buto. Nguruma ikishuka mara moja, ni ya kweli. Isiposhuka, rudisha.

Bushoni ya povu ni bei kidogo sana, na watu wengi wanaivaa mubaya. Nawa mikono. Izungushe kwa vidole mpaka iwe nyembamba. Pitisha mukono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio, ingiza, shikilia sekunde 30 mpaka ivimbe. Ikibakia inje nusu, haikukinge. Na usiitoshe "kidogo tu" kwa kuongea: nusu saa bila kinga mu poste moja inaharibu sehemu kubwa ya faida ya siku muzima.

Kikinga-masikio cha kazi ni juu ya kampuni, sawa viatu na kaske ya kichwa. Kikipasuka, omba kingine palepale. Ile ya muziki, iache mu sake mpaka saa ya bus.