Mahindi Yalifika, Chokaa Ikabaki

Mwenyeji wa Gitega anayetaka kuwapikia taco, zile chapati za mahindi za Mexico zinazokunjwa zikiwa na nyama au maharage ndani, marafiki wanaomjia kutoka Muyinga hahitaji kuagiza kitu Bujumbura, sembuse ng'ambo. Mahindi yapo sokoni. Maharage ndiyo usiseme, maana Warundi wamo miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani. Nyanya, pilipili, parachichi na papai vimepangwa kwenye mafungu, na vyote asili yake ni bara la Amerika, vingi vikiwa vimelimwa kwanza Mexico na kwa majirani zake.

Mahindi yenyewe yalitokana na nyasi mwitu iitwayo teosinte, katika bonde la mto Balsas kusini magharibi mwa Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Wareno waliyaleta Afrika katika karne ya 16, nayo yakapita mikono mingi hadi kupanda milima hii ambako mtama na ulezi ndio waliokuwa wenye enzi. Hata Umuganuro, sherehe kuu ya wafalme wa Burundi, ilikuwa sherehe ya mtama. Mbegu zikashika udongo, zikazaa, zikawa za kwetu. Lakini maarifa ya jikoni yaliyofungamana na mbegu hizo huko zilikotoka hayakuvuka bahari, na usiku wa taco ndipo pengo hilo linapojitokeza.

Jaribu kidogo. Chukua unga wa mahindi wa mashine, ukande kwa maji, kisha usukume uwe chapati nyembamba. Utapasuka kingo, na ukiukunja utakatika. Ngano ina gluteni, protini inayovutika na kushikamana, mahindi hayana. Mpishi wa jadi wa Mexico hajawahi kuhangaika na tatizo hili kwa sababu haanzi na unga mkavu. Huanza na punje nzima, akazichemsha katika maji yenye chokaa, akaziacha humo usiku kucha. Mbinu hii, ambayo mahindi yake huitwa nixtamal, ina umri wa zaidi ya miaka 3,000.

Kwa kilo moja ya mahindi makavu, gramu 10 za chokaa na lita tatu za maji zinatosha. Moto uwe wa wastani, kwa dakika 40 hadi saa nzima, kisha sufuria ifunikwe mpaka asubuhi. Chokaa huyafanya maji kuwa alkali kali, na alkali hiyo huyeyusha hemiselulosi, gundi inayoshikilia ganda la punje. Asubuhi ganda linateleza lenyewe ukisugua kwa vidole. Ndani ya punje, sehemu ya wanga imeshavimba na kuanza kunata, na kalsiamu ya chokaa imeingia kushikanisha kilicholegea. Osha mara kadhaa, saga punje zikiwa bado zimelowa maji, na utapata donge linalokubali kusukumwa bila kupasuka.

Kusaga ndiko kwenye kazi. Mashine za mtaani zimezoea nafaka kavu, na mwenye mashine hatakushukuru ukimletea ndoo ya punje zinazodondoka maji. Jiwe la kusagia, lile ambalo bibi bado wanalo vijijini, linafanya kazi hii vizuri.

Tahadhari mbili. Chokaa iwe ile safi ya chakula, si ya kupaka kuta wala ya saruji. Ikikosekana, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni ngumu yanafanya kazi hiyohiyo, na wenyeji wengi wa Amerika Kaskazini walitumia majivu hivyo. Pili, usitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu. Alkali huila alumini na kuiingiza kwenye chakula. Chungu cha udongo, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ndivyo salama.

Sasa, faida ya chokaa haiishii kwenye ulaini wa donge, na hapa ndipo habari inapogeuka kuwa nzito. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Alkali huifungua. Wenyeji wa asili wa Mexico walikula mahindi kwa maelfu ya miaka bila balaa. Yalipohamia Ulaya bila chokaa, maskini walioyafanya chakula chao pekee wakaanza kuugua: ngozi inababuka juani, tumbo linaharisha, akili inavurugika, mwisho kifo. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo huko Asturias, Hispania, mwaka 1735. Baadaye ukaitwa pelagra. Kwa muda mrefu wengi waliamini ni maambukizi. Nchini Marekani, Joseph Goldberger alianza mwaka 1914 kuonyesha kwamba kiini chake kiko kwenye sahani, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akathibitisha kwamba niasini ndiyo iliyokosekana.

Tusidhani ni habari za zamani za Wazungu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi wakitegemea mgao wa mahindi walipatwa na pelagra, watu zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Burundi inajua maisha ya mgao kuliko nchi nyingi. Kinachotukinga kwa kawaida ni maharage: yana triptofani, ambayo mwili huigeuza kuwa niasini, kwa hesabu ya miligramu 60 kwa kila miligramu moja. Bibi aliyesisitiza kwamba mahindi hayaliwi bila maharage alikuwa na sayansi nyuma yake, hata kama hakuiita hivyo.

Na maharage hayo ndiyo yatakayokuchelewesha. Gitega iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, Muyinga karibu mita 1,750, wakati Bujumbura, kando ya Tanganyika, haifiki 800. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua kanieneo na maji yanachemka mapema: nyuzi 97 Bujumbura, 95 Gitega, 94 Muyinga. Serikali ilipoanza kuhamishia mji mkuu wa kisiasa Gitega mwaka 2019, waliopanda nayo walipanda na sufuria zao, lakini maharage yaleyale sasa yalidai muda zaidi. Kuongeza mkaa hakusaidii. Maji yatatokota kwa fujo zaidi, ila joto halitapanda hata nyuzi moja. Utakuwa unachoma mkaa bure. Kinachosaidia ni kuloweka usiku kucha, au sufuria ya presha, ambayo hata Gitega hufikisha joto karibu nyuzi 118.

Maharage mekundu yana jambo lingine. Ndani yake mna lektini, protini yenye sumu kiasi kwamba punje nne au tano tu zikiwa mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima. Moto hafifu hauiui. Katika nyuzi 80 sumu inaweza hata kuongezeka. Basi yaloweke, mwaga maji yale, weka mapya, kisha yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kabla hujapunguza moto. Na nyanya zisiingie mapema. Asidi yake huimarisha pektini ya maharage, yakabaki magumu mpaka wageni wamekwisha kuwasili. Kalsiamu nayo huyakaza, kwa hiyo maji ya chokaa uliyoyatoa kwenye mahindi yasiguse maharage kamwe. Magadi ni kinyume: sodiamu yake huchukua nafasi ya kalsiamu na kuyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1. Mimi ningeloweka na kusubiri. Yakishaiva, yaponde na kuyakaanga kwa mawese ya Rumonge; hapo Mexico haina cha kutufundisha.

Nyama ni rahisi zaidi. Muyinga ni mji wenye Waislamu wengi, hivyo nguruwe wa taco al pastor abaki Mexico. Wala si hasara: mtindo huo ulianzia kwa wahamiaji kutoka Lebanoni waliochoma nyama ya kondoo kwenye chuma kinachozunguka, na nguruwe aliingia baadaye. Mbuzi wa brosheti, anayechomwa kila pembe ya Burundi, anafaa kabisa. Kama ni mzee, mpake papai bichi lililosagwa kwa nusu saa. Kimeng'enya chake, papaini, hukata protini za nyama. Ukimwacha usiku kucha utakuta uji. Kisha moto mkali, kwa sababu ile rangi ya kahawia na harufu inayovuta majirani huanza kujitokeza vizuri juu ya nyuzi 140, na nyama yenye maji juu yake haifiki huko. Ifute kwanza.

Parachichi lipondwe dakika ya mwisho. Likikatwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na oksijeni na kulifanya jeusi. Ndimu hukipunguza kasi, na kifuniko kinacholala juu ya rojo lenyewe huzuia hewa. Kuacha kokwa katikati ya bakuli hakusaidii chochote, isipokuwa pale kokwa lenyewe lilipofunika.

Pilipili hoho au mbuzi, hiyo ni shauri ya mwenyeji, mradi mtindi uwepo mezani. Ukali hutokana na kapsaisini, ambayo hushika kipokezi kwenye neva zilezile zinazohisi joto la kuunguza, la nyuzi 43 na zaidi. David Julius ndiye aliyekigundua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akashiriki Tuzo ya Nobel ya tiba na Ardem Patapoutian. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, bali kwenye mafuta. Mgeni anayetokwa machozi akipewa maji, moto unatawanyika tu mdomoni. Akipewa mtindi, protini na mafuta ya maziwa huikamata na kuishusha.

Zikibaki chapati za mahindi, usiziweke kwenye friji. Wanga uliopikwa hujipanga upya ukipoa na kukakamaa, na baridi ya friji, ya nyuzi nne hivi, ndiyo inayouharakisha kuliko ya sebuleni. Zifunge kwa kitambaa safi zikae mezani usiku huo, na asubuhi zinyunyizie maji kidogo, uzigeuze kwenye kikaango kikavu chenye moto. Joto hulegeza tena ule mpangilio, zikakunjika kama jana. Zilizokwisha kukauka kabisa zikate pembetatu, zikaange kwenye mafuta, na wageni wazibebe njiani kupitia Karusi.