Maji ya Batri: Namna ya Kutunza Batri za Taa katika Dispensari

Ndugu wauguzi, wakunga na masentineli wa usiku, katika kitabu hiki tumezoea kusoma habari za malaria, za minyoo na za vidonda. Leo tutasoma habari za kitu kisicho na damu, lakini kikifa usiku, mama aliye katika uchungu aweza kufa pamoja nacho. Kitu hicho ni batri.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kusaidia katika dispensari moja ya mbali, sitaitaja kwa jina. Saa nane ya usiku mama mmoja alizaa mtoto, kisha damu ikaanza kutoka kwa wingi. Tulipokuwa tunatafuta mahali palipopasuka, taa ikafifia, halafu ikazimika. Tulishona kwa mwanga wa simu, nayo simu ilishikwa na nyanya wa mtoto, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mama yule alipona. Kulipokucha nikafungua vifuniko vya batri, nikatazama ndani. Mabamba yalikuwa makavu na meupe, kama ulimi wa mtu aliyelala na homa siku tatu. Batri 4, hazijatimiza miaka miwili, zote zimekufa. Nikamwuliza sentineli kama alikuwa akizifungua. Akanijibu, “Hapana, Baba. Tuliona zimefungwa, tukafikiri ni za kufungwa. Kama ingefaa kuzifungua, wangetuambia.” Nami sikuweza kumkemea, maana alisema kweli. Waliozileta walifunga waya, wakapiga picha, wakaenda zao.

Basi, ni batri za namna gani? Si za motokaa. Batri ya motokaa ina mabamba membamba na mengi. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa dakika moja ili kuamsha mashini, kisha kupumzika. Batri zetu ni za volti 6, nzito sana, karibu kilo 28 au 30 kila moja, na mabamba yake ni manene. Asili yake zilitengenezwa kwa ajili ya magari madogo ambayo watu wa Marekani hupanda wanapocheza golfu. Gari lile hutembea polepole mchana kutwa, na usiku hurudi kulishwa umeme. Watu wakaona kwamba batri inayoweza kuvuta gari saa nyingi yaweza pia kuwasha taa usiku kucha, ndiyo sababu batri hizi zimefika mpaka kwetu, ambapo hakuna anayecheza golfu. Mbili zikiungwa, waya wa kujumlisha wa moja na waya wa kutoa wa nyingine, zafanya volti 12. Nne zikiungwa namna hiyo zafanya volti 24.

Ukiifungua utaona matundu 3, maana ndani mna vyumba 3, kila chumba karibu volti 2. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi, yaani madini yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi hufunga katika nyavu, nayo yamezama katika maji yenye asidi kali. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyetengeneza batri ya namna hii kwanza, mwaka wa 1859, na kazi yake haijabadilika. Taa inapowaka, asidi yaacha maji na kushikamana na mabamba, ikifanya juu yake chumvi nyeupe ya risasi. Maji yabaki mepesi. Umeme wa jua ukiingia, chumvi ile yafunguliwa, asidi yarudi katika maji, na batri imeshiba tena. Lakini chumvi ikiachwa siku nyingi bila kulishwa, yageuka ngumu kama ukoko chini ya sufuria, wala umeme hauwezi tena kuiondoa. Kwa hiyo njaa huua batri.

Na kiu nayo huua. Batri inapokaribia kushiba, umeme unaozidi hupasua maji yenyewe kuwa hewa mbili, nazo hutoka kwa mapovu madogo. Maji hupungua, lakini asidi haiendi nayo, yabaki ndani. Shikeni neno hili vizuri, maana wengi hukosea hapa: kinachopotea ni maji tu, basi kinachorudishwa ni maji tu. Usiongeze asidi kamwe. Mtu anayeongeza asidi kila mwezi anakula mabamba yake mwenyewe.

Maji gani? Hapa ndipo wauguzi hujidanganya kwa elimu yao. Sisi tumefundishwa kwamba maji yaliyochemshwa ni maji safi. Ni safi kwa tumbo, kwa maana moto huua vijidudu. Lakini moto hauondoi chuma wala chokaa wala chumvi. Tazama chini ya birika la zamani utaona ukoko mweupe. Ule ndio uliokuwa ndani ya maji. Tena ukichemsha sana, maji yapungua na vitu vile vyabaki vingi zaidi. Batri haiogopi vijidudu, yaogopa chuma na chumvi. Kwa hiyo maji ya chemchemi, ya kisima, ya bomba, hata yakichemshwa mara tatu, hayafai. Yanayofaa ni yale yaliyogeuzwa kuwa mvuke na kukusanywa tena, yaani maji ya distile. Hospitali kubwa yenye chombo cha kuyatengeneza yaweza kuwapa dispensari zake bidoni moja kila miezi michache.

Mwanafunzi mmoja aliambiwa atie maji safi ya hospitali katika batri. Akaenda kwenye stoo, akachukua chupa za seramu, akazimimina zote. Alifikiri, kama maji haya yafaa kuingia katika mshipa wa mtu, yatashindwaje kufaa batri? Lakini seramu ile ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Batri zile hazikupona, na wagonjwa walikosa seramu zao.

Kama hakuna maji ya distile, maji ya mvua yaweza kusaidia, lakini si ya kutoka kwenye mabati, maana mabati hutoa zinki na kutu. Ngoja mvua inyeshe nusu saa ili ioshe moshi na vumbi hewani. Kisha weka beseni safi la plastiki juu ya meza, mahali peupe, mbali na paa na miti. Chuja kwa kitambaa safi, tia katika bidoni ya plastiki ambayo haijapata kutiwa mafuta wala dawa, andika juu yake MAJI YA BATRI. Usitumie chombo cha chuma hata kidogo, wala faneli ya chuma.

Sasa kazi yenyewe. Chagua siku moja, ikiwa batri ni mpya kila majuma mawili, na baada ya kuzizoea kila mwezi. Kukiwa na joto jingi, na batri zikiwa zimezeeka, hunywa zaidi. Vua saa na pete, maana pete ikigusa ncha mbili yaweza kuwa moto na kukata kidole. Vaa miwani na glavu, na nguo ya zamani. Tone moja la asidi halionekani leo, lakini ukifua shati kesho lina tundu. Pangusa kwanza juu ya batri ili uchafu usianguke ndani, ndipo ufungue vifuniko. Mulika kwa tochi. Nasema tochi. Kuna aliyetazama kwa kiberiti, nitarudi kwa habari yake.

Mabamba sharti yafunikwe na maji wakati wote. Ukiyaona wazi, tia maji kidogo, kiasi cha kuyafunika tu, kisha ulishe batri kwanza mpaka ishibe. Baada ya kushiba ndipo ujaze mpaka karibu milimita 3 chini ya mdomo wa ndani wa tundu. Kwa nini tusijaze asubuhi kabla ya jua? Kwa sababu batri ikilishwa, maji huvimba na kupanda. Ukijaza mapema yatafurika, na kinachofurika ni asidi. Utakuwa umeipoteza, na sakafu utakuwa umeiharibu.

Kujua kama batri imeshiba tunatumia kipimo cha kioo chenye mpira juu, ndani yake mna kijiti kinachoelea. Nyonya maji ya chumba kimoja, soma, rudisha katika chumba kile kile. Usipime mara tu baada ya kutia maji, maana hayajachanganyika. Maji matupu husoma 1.000. Batri iliyoshiba husoma kati ya 1.265 na 1.280. Ikishuka mpaka karibu 1.200 imefika nusu, na hapo zima kila kisicholazimu. Asiye na kipimo hiki apime volti, batri ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 6.3 na zaidi imeshiba, karibu volti 6.1 ni nusu. Andika hesabu ya kila chumba katika daftari, pamoja na tarehe, kama tuandikavyo homa ya mgonjwa. Kipimo kimoja hakisemi mengi, lakini vipimo vya miezi sita vyasema mgonjwa anakwenda wapi. Chumba kimoja kikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya 0.030, batri zahitaji kulishwa kwa muda mrefu zaidi kwa mashini, kwa kufuata karatasi ya watengenezaji, mpaka vyumba vyote vilingane. Wakati wa mvua nyingi, wakati jua halionekani majuma mawili, afadhali kuwasha mashini saa chache kuliko kuacha batri zilale na njaa.

Nani anazimaliza batri? Mara nyingi si taa ya materniti, inayokula kidogo sana. Ni simu 20 za jamaa za wagonjwa, ni redio ya sentineli, ni kipaza sauti cha kwaya siku ya Jumapili. Nami nahubiri, tena napenda kwaya. Lakini nimesimama mbele ya kwaya na kung'oa waya, na watu waliimba vizuri vilevile. Yafaa mtu mmoja tu awe na ufunguo wa chumba cha batri, na jina lake liandikwe mlangoni.

Ncha za waya zikifanya unga mweupe au wa kijani, zioshe kwa maji yenye bikarbonati, vijiko viwili vikubwa katika lita 1. Vifuniko viwe vimefungwa sana, kwa maana bikarbonati ikiingia ndani huharibu asidi. Mapovu yakikoma, osha kwa maji, kausha, kaza ncha, kisha paka vaselini kidogo juu. Ukilazimika kuondoa waya, anza na ule wa kutoa, na mpini wa ufunguo wako uwe umezungushwa mpira.

Sasa yule wa kiberiti. Moja ya hewa mbili zinazotoka katika batri huwaka upesi mno. Ikiwa sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa ya chumba, cheche moja yatosha. Mlinzi yule aliwasha kiberiti juu ya tundu ili aone maji, batri ikapasuka usoni mwake. Jicho moja halikuona tena. Hewa hiyo ni nyepesi, hupanda juu. Kwa hiyo chumba cha batri kiwe na matundu juu karibu na paa, wala kisiwe chumba cha kulala, wala taa ya mafuta wala sigara visiingie.

Asidi ikiingia katika jicho, usikimbie kutafuta dawa. Maji ndiyo dawa. Fungua kope kwa vidole, mimina maji safi bila kuacha dakika 20 mpaka 30, kutoka puani kuelekea sikioni, ndipo umpeleke kwa munganga. Usitie bikarbonati katika jicho. Kwenye ngozi, vua nguo na uoshe kwa maji mengi dakika 20. Mtoto akimeza, asitapishwe, maana kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi. Na tafadhali, asidi isiwekwe kamwe katika chupa ya bia au ya limonadi. Mtoto hasomi karatasi, atambua chupa.

Imebaki batri iliyokufa. Watakuja watu kuinunua ili wayeyushe risasi wafanye vizito vya nyavu. Mwuguzi azuie jambo hili. Moshi na vumbi la risasi huingia katika damu ya watoto, huharibu akili, na likizidi huleta degedege na kifo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watu walichambua udongo wenye mabaki ya batri, na kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Mama akikuletea mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, aliyepauka, mwenye degedege bila homa, uliza kama nyumbani kwao wanayeyusha batri. Batri zenu za zamani zifungwe vifuniko, zisimamishwe wima mahali pakavu penye kufuli, na zirudishwe kwa motokaa ile ile itakayoleta mpya.