Gari la wagonjwa: tuulize nini kabla ya kushukuru?

Makanisa yetu ya Fizi na Baraka huchangia sana usafiri wa wagonjwa: sadaka ya mafuta, vijana wa kubeba tipoyi kutoka milimani, pesa ya kukodi pikipiki usiku. Tuna haki basi ya kuuliza kama usafiri huo unaokoa watu kweli. Mara nyingi tukiona gari jeupe lenye king'ora tunashukuru na kunyamaza.

Tuanze na saa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kutoka Fizi-kati hadi Baraka ni zaidi ya kilomita 30, na mvua ikinyesha, hesabu ya kilomita haisaidii tena. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza kwamba wamama hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuamua kutafuta msaada, kufika hospitali, na kutibiwa baada ya kufika. Kwetu mambo hayo yanashikana, maana familia isiyojua nani atalipa mafuta huchelewa kuamua.

Kwa hiyo tunaomba kila kituo cha afya kiwe na daftari. La shule linatosha. Iandikwe saa simu ilipopigwa, saa gari lilipoondoka, saa lilipomfikia mgonjwa, na saa alipopokelewa hospitalini. Na ziandikwe pia safari ambazo hazikufanyika, pamoja na sababu: mafuta hayakuwepo, dereva hakupatikana, njia ilifungwa. Daftari lenye safari zilizofika tu linatudanganya.

Halafu tutazame ndani ya gari. Tumewahi kumsindikiza mgonjwa aliyelazwa kati ya magunia ya mihogo na abiria waliolipa nauli, huku muuguzi amekaa mbele na dereva. Muuguzi akae pembeni ya mgonjwa. Kitanda kifungwe kisiteleze. Chupa ya oksijeni ipimwe kabla ya kuondoka, kwa sababu chupa tupu inafanana na iliyojaa. Mama mwenye mimba kubwa alale ubavu wa kushoto. Akilala chali, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Dereva asikimbie ovyo, maana gari likipinduka, wagonjwa wanaongezeka.

Kipindupindu hakitoki kabisa kando ya ziwa letu. Baada ya kila mgonjwa wa namna hiyo gari lioshwe kwa maji na sabuni, kisha kwa klorini. Ufagio peke yake hautoshi.

Pikipiki nayo tusiidharau, kwani inapita pasipopita gari. Ila mgonjwa aliyezimia asibanwe katikati ya watu wawili: shingo inainama, pumzi inaziba. Huyo ni afadhali abebwe kwa tipoyi.

Linabaki jambo tunaloliogopa kulisema. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kushambulia magari ya wagonjwa, lakini gari linalobeba silaha au kufanya kazi ya vita linaweza kupoteza ulinzi huo. Mwishoni mwa 2020 Madaktari Wasio na Mipaka walipunguza sana kazi zao Fizi kwa sababu ya mashambulizi, na wagonjwa ndio walioumia. Kwa hiyo tuulize: je, gari letu linakataa bunduki, hata ya mtu tunayemjua? Je, linamchukua Mubembe, Mufuliiru, Munyamulenge na mkimbizi kutoka Burundi kwa saa ileile na bei ileile? Daftari litaonyesha hilo pia, tukilinganisha kijiji na kijiji.

Kila miezi mitatu mchungaji, mama mmoja wa kanisa na muuguzi walisome daftari pamoja, kisha walipeleke kwenye kamati ya CODESA na kwa daktari mkuu wa zone ya afya.