Tangi Tupu Ndilo la Kuogopwa: Kukarabati na Kubadili Tangi la Mafuta la Gari la Zamani

Magari mengi yanayowahudumia wananchi wa wilaya yetu yamekwisha kula chumvi nyingi. Zipo Land Rover zinazopandisha mbolea milimani, pikapu zinazoshusha ndizi gulioni, na magari madogo ambayo usiku wa manane hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Injini zake hutazamwa kila mara kwa sababu zikikataa zinasikika. Tangi la mafuta halisemi kitu. Tope hunasa juu yake na kwenye mikanda inayolishikilia, likakaa na unyevu msimu mzima, huku kutu ikila bati kutoka nje. Ndani nako, maji machache yaliyoingia kwa mvua au kwa mafuta machafu hutulia chini kabisa, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yakaanza kula sakafu ya tangi kidogo kidogo. Siku ya siku dereva huona tone chini ya gari.

Hapo ndipo mwenye gari anapomwendea mchomeleaji wa jirani na kumwambia: "Fundi, lipige weldi tu, halina kitu. Nilimwaga mafuta yote jana." Maneno hayo yanasikika kama maneno ya mtu mwangalifu, lakini yamewagharimu mafundi wengi uhai wao, na makala hii imeandikwa kueleza sababu.

Petroli ya majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa kwa kiasi maalumu, takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko wote. Ukipungua chini ya hapo hauwaki, na ukizidi hapo hewa haiutoshi. Ndani ya tangi lililojaa, ile nafasi ndogo iliyobaki juu huwa na mvuke mzito mno kiasi cha kukosa hewa ya kuuwasha. Tangi likimwagwa, hewa huingia kuchukua nafasi ya mafuta, na yale matone yaliyobaki kwenye maungio na chini ya magamba ya kutu huendelea kutoa mvuke. Hesabu yake inashangaza: katika tangi la lita 60, petroli ya kijiko kimoja cha chai ikigeuka mvuke inatosha kuifikisha hewa yote ya ndani kwenye kiwango cha kuwaka. Hakuna mtu anayeweza kumwaga tangi la zamani akahakikisha kwamba kijiko kimoja hakikubaki. Cheche ikiingia, mlipuko hukuta umefungiwa ndani ya chuma, na chuma hicho hupasuka mbele ya uso wa fundi.

Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua letu la saa nane mchana. Dizeli ni tulivu zaidi, kwani huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla ya kutoa mvuke wa kutosha. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huichukulia kama maji. Wanasahau kwamba mwali wa weldi hupasha bati la tangi hadi mamia ya nyuzi, na dizeli iliyoganda ukutani kama utando huchemka papo hapo.

Jambo jingine ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi kama moshi. Hutambaa chini, ukaingia kwenye shimo la gereji, kwenye mfereji, au hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliye hatua kadhaa kutoka hapo. Taifa lilijifunza kwa uchungu nguvu ya mafuta yaliyotapakaa chini tarehe 10 Agosti 2019, pale lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha baada ya moto kulipuka katikati ya waliokuwa wakichota.

Kwa hiyo kazi ya tangi ianze nje, mahali penye upepo, mbali na shimo la gereji na mbali na moto wa aina yoyote. Waya wa hasi wa betri ung'olewe kwanza. Mafuta yatolewe kwa pampu ya mkono, wala si kwa kunyonya mpira mdomoni. Petroli ikipita njia ya hewa huunguza mapafu, na dawa ya kienyeji ya kunywa maziwa na kujitapisha huongeza madhara, kwa sababu kinachotapikwa hupita tena koo lile lile. Chombo cha kupokelea kiwe na kifuniko, tena kikae ardhini. Boliti zilizoshikwa na kutu zilowekwe mafuta ya kulainisha na kufunguliwa kwa spana. Grainda isikaribie kabisa. Geji ya ndani, ile yenye boya, itolewe pamoja na mpira wa kujazia, ili tangi libaki wazi pande zote.

Kabla ya kuamua namna ya kulitengeneza, inafaa kulipima. Chukua ncha ya bisibisi ulisukume bati kuzunguka tundu. Ikiwa bati ni gumu na tundu ni moja au mawili, tangi linastahili kutengenezwa. Ikiwa bisibisi inazama kama kwenye biskuti, hakuna kiraka kitakachoshika, na fedha ya weldi ingefaa zaidi kununulia tangi jingine lililotumika. Kwa maoni yetu, matangi mengi yanayopelekwa kuchomelewa yako katika kundi hili la pili.

Kwa tundu dogo, njia iliyo bora ni ile isiyo na moto. Bati likwanguliwe kwa mkono hadi ling'ae, lisuguliwe kwa msasa lipate mikwaruzo, lifutwe mafuta yote, kisha libandikwe kipande cha bati jembamba au kitambaa cha nyuzi za kioo kwa gundi ya epoksi inayostahimili petroli. Gundi hiyo iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni siku nzima. Haraka ndiyo inayoharibu kazi hii. Ule mtindo wa madereva wa kusugua sabuni ya kipande kwenye ufa unafanya kazi kweli, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Lakini ni wa kukufikisha gereji, na mvua ya kwanza huiondoa.

Hapa pana tahadhari ambayo ni nadra kusikika. Matangi mengi ya zamani yalitengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa risasi na stani ili lisipate kutu. Isitoshe, petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa katika nchi zetu hadi ilipokomeshwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo tope la ndani ya tangi lililotumika kabla ya hapo laweza kuwa na sumu hiyo. Bati likwanguliwe likiwa limeloweshwa maji, vumbi lisipeperuke, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wasiachwe kuchezea mahali hapo.

Ikiwa hapana budi kutumia moto, iwe weldi au kulehemu, tangi lazima lioshwe kwa maji ya moto yenye sabuni kali au magadi, limwagwe, lirudiwe mara kadhaa, kisha lipitishiwe mvuke wa maji kwa muda mrefu hadi bati lote liwe la moto kushikika kwa shida. Pua si kipimo. Harufu hupotea mapema kwa mtu aliyeshinda nayo asubuhi nzima, na kipimo cha kuaminika ni kifaa cha kupimia gesi. Baada ya kuosha, mafundi wenye uzoefu huligeuza tangi tundu likae juu, wakalijaza maji hadi karibu na tundu hilo, huku mdomo wa kujazia ukiwa wazi ili mvuke usipate mahali pa kujikusanya. Gereji isiyo na uwezo wa kufanya yote haya haina sababu ya kuipokea kazi hiyo, na fundi anayeikataa anastahili heshima kuliko yule anayesema ameifanya mara mia bila kudhurika.

Tangi likikamilika, lijaribiwe kwa kujazwa maji na kuachwa, au kwa kupuliziwa hewa kidogo ya pampu ya baiskeli huku povu la sabuni likipakwa nje. Kompresa isitumike. Ubavu wa tangi wa sentimita 50 kwa 40 ukisukumwa na hewa yenye kani ya kizio kimoja tu cha ile tunayopimia matairi hubeba mzigo wa karibu tani mbili. Kompresa ya kawaida hutoa mara saba au nane ya hiyo.

Tukija kwenye mabadiliko, haja ya tangi kubwa zaidi inaeleweka katika wilaya ambayo vijiji vingine viko mbali na kituo cha mafuta. Watengenezaji wenyewe walilijua hilo. Land Rover ya zamani ya inchi 88 ilikuwa na tangi la takriban lita 45 chini ya kiti, na wanunuzi waliohitaji waliweza kufungiwa tangi la pili chini ya kiti cha upande mwingine, pamoja na bomba la kubadilishia. Kufuata mfano huo ni salama kuliko kubuni.

Tangi la kubuni hukosea kwa namna tatu. Kwanza ni pumzi. Mafuta yanapotumika lazima hewa iingie, la sivyo injini huzimika baada ya mwendo na tangi hunywea. Ukifungua kifuniko ukasikia mfyonzo mkali, tundu la pumzi limeziba au kifuniko ni cha gari jingine. Joto nalo hupanua petroli: lita 60 zikipanda nyuzi 20 huongezeka zaidi ya lita moja, nayo hutafuta pa kutokea ikiwa tangi lilijazwa hadi mdomoni. Kifuniko cha nailoni na kitambaa, tunachokiona kila siku, huingiza maji wakati wa mvua na kumwaga mafuta gari linapolala ubavu.

Pili ni kuta za ndani. Lita 60 za petroli zina uzito wa kilo 45 hivi, na bila kuta za kuzigawa hukimbia upande mmoja kwenye kona na kulivuta gari.

Tatu ni bati lenyewe. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki. Zinki ikikutana na dizeli hutengeneza utando unaoziba chujio na kuharibu pampu, na ikichomwa hutoa moshi wenye sumu kwa mchomeleaji. Tumia bati la chuma lisilopakwa, na ulifunge mbali na bomba la moshi, si nyuma kabisa ambapo gari hugongwa, na kamwe si ndani walimo abiria. Dumu la plastiki linalofungwa kando ya kiti na kupeleka petroli kwenye injini kwa mpira, hata kama ni "kwa leo tu", ni bomu lililopakiwa pamoja na watu.

Mafuta machafu na maji ya kuoshea tangi yasimwagwe mferejini wala chooni, kwa sababu njia zote mbili hufika kwenye visima. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko na maandishi, na Afisa Mazingira wa Halmashauri aulizwe mahali pa kuyapeleka. Kila gereji iwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu na ndoo za mchanga, kwa kuwa maji hueneza petroli inayowaka. Moto ukishinda, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114 bila malipo, na anayepiga ataje kwanza kwamba ni moto wa mafuta.