Meza ya Taa na Mwenye Kuiongoza

Mtazamaji aliyeketi Ngome Kongwe usiku huweza kuona alfajiri ikipambazuka jukwaani, wala asiulize ni nani aliyeipambazua. Kazi hiyo ni ya fundi aketiye nyuma ya watazamaji, mbele ya meza ya kuongozea taa, na kila sura ya mwanga ameipa nambari yake.

Zamani haikuwa hivyo. Katika majumba ya michezo ya New York mafundi kadhaa walisimama kando ya jukwaa wakisukuma na kuvuta mikono mizito ya vipunguza-mwanga, kila mmoja akingoja ishara. Mwaka 1975 mchezo wa A Chorus Line ulipofunguliwa Broadway, mbunifu wa taa Tharon Musser alileta kompyuta iliyohifadhi hatua zote, nao ukawa mchezo wa kwanza huko kuongozwa kwa njia hiyo. Leo kidole kimoja hubonyeza kitufe, hatua ya 12 ikafifia kwa sekunde 5 na ya 13 ikaingia.

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba ufundi umekwisha. Meza nyingi za sasa huhifadhi mabadiliko tu, si hali nzima ya kila taa. Taa ya buluu iliyowekwa nusu katika hatua ya 3 hubaki nusu mpaka ipewe amri nyingine, hata iwe hatua ya 40. Fundi akiipandisha hapo mwanzo ili kumridhisha mwongozaji, huenda akaharibu usiku wa msiba utakaochezwa saa nzima baadaye. Ndiyo maana mjuzi huandika upya hali ya kila taa katika hatua inayofungua kila onyesho, ili kosa la nyuma lisivuke. Ama taa za kukimbizana, ambazo wanafunzi huzipenda mno, ni jambo jepesi: huchaguliwa taa, mwendo na muda, basi. Aghalabu huzidishwa hata uso wa mwimbaji usionekane.

Twayasema haya kwa wahusika Serikalini kwa kuwa ni rahisi kuandika vyombo katika bajeti kuliko kuandika mafunzo. Fundi wa kukodi hupanga hatua zake, akapanda boti akaenda zake. Vijana waliobeba nyaya hubaki na meza wasiyoweza kuifungua. Hapana budi kijana wa Unguja na wa Pemba aketishwe mezani siku za mazoezi, apange hatua zake mwenyewe, akosee na asahihishe. Aidha anakili kazi yake mahali pengine kila jioni, na meza ipatiwe betri ya akiba. Unguja haijasahau ile miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 1909 + 100, yaani Desemba 2009. Umeme ukirudi na hatua zimepotea, fundi husaliwa na amri mbili tu: washa, zima.